Ukiitwa Kuandika Wasia

Kila mmoja wetu anayesoma shule ya sekondari anaijua kazi inayomngoja nyumbani wakati wa likizo. Si kulima na kuteka maji tu. Ni kuandika. Barua ya kwa mwenyekiti wa kijiji, hesabu za chama cha kuzikana, hati ya kuuziana ng'ombe, majina ya watu waliochangia harusi: yote hayo huletewa kijana mwenye mwandiko mzuri, naye huyaandika huku akijiona amekuwa mtu. Mimi nimeandika mengi ya namna hiyo, wala sikupata kulaumiwa. Karatasi moja tu niliiharibu, nayo ilikuwa kubwa kuliko zote. Naieleza hapa kwa sababu wengi wenu mtaitiwa kazi hiyo hiyo, na ninyi mliosoma hapa zamani, ambao sasa mna nyumba na watoto, ndio mtakaowaita hao waandishi.

Mwaka 2021, shule zetu za Uganda zilipofungwa tena kwa ajili ya ugonjwa wa korona, nilikaa kwa babu yangu kijijini, upande wa Masaka. Nilikuwa na miaka 15. Babu alikuwa amefundisha dini katika vigango vya misheni kwa muda mrefu, na alikuwa mtu wa utaratibu: jembe lake lilikuwa na msumari wake ukutani, na ole wako ukilitundika penginepo. Jioni moja mvua ilikuwa ikinyesha. Baada ya sala akaniambia nilete daftari jipya na kalamu ya wino.

"Mjukuu wangu," akasema, "leo hatuandiki barua. Andika wasia wangu."

Nilishtuka, maana kwetu watu wengi hawapendi neno hilo. Husema kwamba mtu anayeandika wasia anakiita kifo, na kwamba watoto wanaomwomba baba yao auandike wamechoka kumngoja. Babu alicheka aliponiona nimesita. Akasema kwamba watu wa Buganda walikuwa na wasia tangu zamani, nao huuita ekiraamo. Mzee alikuwa akiutamka mbele ya watu wa ukoo aliowaamini, na akifa wakausema mbele ya wafiwa. Tofauti, akasema, ni kwamba wale wazee walioshika maneno ya watu vichwani mwao wamekwisha, na waliobaki hukumbuka yale yanayowafaa.

Basi akatamka nami nikaandika. Nyumba na migomba inayoizunguka, bibi akae humo mpaka siku yake. Mibuni ya upande wa barabarani, ya baba mkubwa. Upande wa bondeni, wa baba yangu. Kipande cha karibu na kisima, cha baba mdogo. Ng'ombe watatu wauzwe, walipe deni la chama cha ushirika na ada ya wajukuu. Na duka la pale madukani, la shangazi.

Hapo kwenye duka alinyamaza kidogo, kisha akaniambia niandike na sababu. Shangazi alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Duka lile lilikuwa kibanda cha udongo. Yeye ndiye aliyelinunulia mabati, akalitia sakafu ya saruji, akawa akiuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Ndiye pia aliyekuwa akimwosha babu miguu ilipovimba. Babu alitaka watu wote wajue kwamba hakumpa kwa upendeleo tu.

Tulipofika mwisho babu akauliza, "Wanatakiwa mashahidi wawili, sivyo?"

Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ndivyo. Hilo nilikuwa nalijua. Jirani mmoja mzee alikuwa kibarazani akingoja mvua ipungue, nikamwita. Wa pili nikamwita shangazi, aliyekuwa jikoni. Alikuja akijifuta mikono kwa leso, akauliza atie sahihi wapi, nikamwonyesha kwa kidole. Akaandika jina lake polepole, akarudi kwenye chungu chake. Babu akaifunga karatasi katika bahasha, akaitia ndani ya sanduku lake la chuma. Usiku ule nililala na fahari.

Babu alifariki mwaka 2023. Baada ya mazishi bahasha ikafunguliwa, na karatasi ikasomwa mbele ya watu wote. Hakuna aliyenung'unika kwa sauti. Lakini baba mkubwa, ambaye amefanya kazi ya ukarani mjini Kampala muda mrefu, aliomba kuitazama. Aliitazama chini, kwenye sahihi, kwa muda mrefu kuliko juu. Wiki ya pili akaja na maneno ya wakili: shangazi hawezi kupewa duka, kwa kuwa ameshuhudia wasia.

Nami mwanzoni nilidhani ni hila. Sikuamini mpaka mwalimu wetu mmoja aliponisomea sheria yenyewe. Sheria ya Urithi ya Uganda, ambayo mwanzo wake ni mwaka 1906 na ambayo imerekebishwa mara kadhaa, yasema hivi kwa maneno yangu: mtu aliyetia sahihi kama shahidi wa wasia, kama ameandikiwa kitu ndani ya wasia ule ule, wasia hausimami wala hauanguki kwa ajili yake, ushahidi wake ni mzuri, lakini kile alichoandikiwa ni batili. Na si yeye tu. Hata kama aliyeandikiwa kitu ni mke wake au mume wake, hicho pia ni batili. Kwa hiyo wasia wa babu ulikuwa halali kwa kila mtu isipokuwa kwa shangazi. Baba mkubwa alipata mibuni yake, baba akapata bonde lake, baba mdogo kipande chake. Na yule aliyemwuguza mzee akapoteza duka kwa sahihi ya mkono wake mwenyewe, mahali nilipomwonyesha mimi.

Nilikasirika sana juu ya sheria hiyo, na nusura niandike makala haya kuipinga. Lakini nimeifikiri. Tuseme shangazi hakuwa mtu mwema. Tuseme mzee ni mgonjwa, mvua inanyesha, na binti yake amemshika mkono akautembeza juu ya karatasi. Nani atatuambia kwamba mzee alitia sahihi kwa hiari yake? Ni shahidi. Na kama shahidi ndiye huyo huyo mwenye kupata duka, tutamwuliza nani? Sheria yataka atakayesimama kortini awe mtu asiyepata hata kijiko katika mali ile. Ni sheria nzuri. Ubaya wake ni kwamba haitujui sisi tunaowaita watu kutoka jikoni.

Sasa nitawaeleza yanayotakiwa, kwa kuwa si mengi, nami ningeyajua siku ile tusingeumia. Mwenye kuandika wasia awe mtu mzima mwenye akili timamu, na afanye kwa hiari yake. Wasia wenyewe waweza kuandikwa na mtu mwingine yeyote, hata mjukuu, katika daftari la shule. Hautaki karatasi yenye muhuri wala maneno ya Kilatini. Mwenye wasia atie sahihi yake, au alama ya dole gumba kama hawezi kuandika, mahali panapoonyesha kwamba anayakubali yote yaliyoandikwa. Mashahidi wasipungue wawili. Kila mmoja awe amemwona akitia sahihi, au amesikia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba sahihi ile ni yake. Kisha naye atie sahihi yake mbele ya mwenye wasia. Si lazima shahidi asome yaliyomo. Watu wengi hawalijui jambo hilo, nao huogopa kumwita jirani kwa kuwa hawataki ajue siri za nyumba. Mwite jirani, ufunike maandishi kwa gazeti kama unataka, umwache atie sahihi.

Kutia tarehe ni lazima kwa mwenye busara, maana wasia wa baadaye ndio unaofuatwa, na karatasi mbili zisizo na tarehe ni vita.

Makosa yetu mengine mawili yalikuwa ya kusahau. Hatukumtaja mtu wa kuutekeleza wasia, yaani msimamizi. Angetajwa mtu mmoja, angekwenda kortini na karatasi yake akapewa idhini ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Kwa kuwa hakutajwa, ilibidi kwanza ukoo ukutane umchague mtu, kisha wapite katika ofisi ya Serikali inayosimamia mali za marehemu, ndipo waende kortini; na kila safari ni nauli, na kila nauli ni neno jipya kati ya ndugu. Kosa la pili lilimgusa shangazi tena. Hatukuandika mstari wa mwisho unaosema: mali nyingine yote ambayo sikuitaja, au ambayo kwa sababu yoyote haikumfikia niliyemwandikia, apewe fulani. Mstari huo mmoja ungekuwa na jina la bibi, duka lingekwenda kwa bibi, na bibi angejua la kufanya. Bila mstari huo duka likahesabiwa kama mali ya mtu aliyekufa bila wasia.

Na mali ya mtu aliyekufa bila wasia hugawanywaje? Hapa watu wanashindana sana, na wengi wanashindana kwa ujinga. Sheria ya zamani ilisema mjane apate sehemu 15 katika 100, watoto 75, wategemezi 9, na mrithi wa kimila 1. Nayo ilizungumza habari za mwanamume aliyekufa tu, kana kwamba mwanamke hana mali ya kuacha. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba ya 1995, inayowapa wanawake haki sawa na wanaume. Ikapita miaka 15 kabla Bunge halijatengeneza mengine. Sheria ya mwaka 2022 inampa aliyefiwa na mwenzake, awe mke au mume, sehemu 20, watoto 75, wategemezi 4, na mrithi wa kimila 1. Nyumba waliyokuwa wakikaa huwekwa kando, mjane na watoto waendelee kukaa humo, na anayewafukuza anatenda kosa la jinai.

Tazameni vema hiyo sehemu moja ya mrithi wa kimila. Katika Buganda huyo ndiye musika, anayevikwa nguo ya gome na kupewa mkuki siku ya kumaliza msiba, akawa baba wa nyumba ile. Ni cheo kikubwa, nami sikidharau. Lakini vijana wengi wakisha kuvikwa hudhani wamevikwa na shamba. Nimeona katika kijiji chetu musika aliyeanza kuuza mibuni ya dada zake juma lile lile, naye aliamini kabisa kwamba ni yake. Musika amerithi jina, ulezi na lawama. Katika mali yenyewe ana sehemu moja kwa mia kwa ajili ya cheo chake, na kama ni mtoto wa marehemu, fungu lake pamoja na watoto wenzake. Basi.

Tena watoto ni watoto. Aliyezaliwa ndani ya ndoa na aliyezaliwa nje, wa kike na wa kiume, sheria haiwatengi. Hili linawahusu hasa wazee wetu wa zamani hapa shuleni, na naomba wanisamehe kwa kulisema. Mtoto ambaye hamkumtaja nyumbani atakuja siku ya mazishi na mama yake, na mahali pale ni pabaya sana pa kujulishana. Kwa upande wa wake mambo ni kinyume: mwanamke aliyekaa na mume miaka 20 bila ndoa ya kanisa, ya Serikali, ya Kiislamu au ya kimila iliyokamilika, mbele ya sheria si mjane. Kama mume anampenda, ama afunge ndoa ama amwandike kwa jina katika wasia, na afadhali afanye yote mawili.

Lakini wasia nao hauwezi yote. Mtu hawezi kuandika kwamba mkewe na watoto wake wadogo wasipate kitu; akifanya hivyo korti yaweza kuwatolea riziki katika mali yake, apende asipende. Wala hawezi kutoa kisicho chake. Babu alinitamkia "ardhi yangu", nami nikaandika ardhi yake. Kwa kweli alikuwa na kibanja. Tangu mapatano ya mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda, ardhi nyingi kwetu ina mwenye hati, ambaye babu zake waligawiwa kwa maili za mraba, na juu ya ardhi hiyo hiyo wanakaa watu wenye vibanja wanaomlipa ushuru mdogo kila mwaka, uitwao busuulu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mwenye kibanja asifukuzwe ovyo, na kibanja chake chaweza kurithiwa. Ila anarithisha kibanja, hamrithishi mtu hati. Kijana atakayeandika wasia na amwulize mzee wake kwa adabu: hiki ni cha hati, au ni kibanja, au ni cha ukoo? Karatasi ya kununulia iko wapi? Stakabadhi za busuulu je? Sisi stakabadhi za babu tulizikuta ndani ya kitabu cha nyimbo, kwa bahati tu.

Wengine watasema: ya nini karatasi hizi zote, mzee na aseme wazi mbele ya watu, yatosha. Jirani zetu wa Kenya wana kesi moja inayokumbukwa hata leo. S. M. Otieno alikuwa wakili mashuhuri wa Nairobi, Mjaluo, na mkewe Wambui alikuwa Mkikuyu. Alikufa tarehe 20 Desemba 1986 bila kuacha wasia wa maandishi, yeye aliyeishi kwa sheria. Mkewe alisema mumewe alitaka azikwe katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ndugu yake marehemu na ukoo wa Umira Kager wakasema Mjaluo huzikwa kwao, naye kwao ni Nyalgunga, Siaya. Wakaenda kortini. Walitokea watu walioeleza kwamba walimsikia kwa masikio yao akisema anataka azikwe wapi, na wengine wakaeleza kinyume. Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire aliamua kwamba azikwe Nyalgunga. Rufani ikakataliwa tarehe 15 Mei. Akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, na mjane wake hakwenda. Miezi mitano mtu yule alikuwa katika chumba cha maiti, na nyumba yake ikisomwa magazetini kila siku. Sisemi kwamba karatasi ingemaliza shauri lile, maana mahakimu walitazama sana mila, na habari ya mahali pa kuzikwa hailingani na habari ya mali. Lakini angalau watu wasingebishana juu ya alichosema.

Kuna na upande wa pili, wa mtu aliyeandika bila kusema. Alfred Nobel, yule Mswidi aliyevumbua baruti ya dainamiti, alitia sahihi wasia wake mjini Paris tarehe 27 Novemba 1895 mbele ya mashahidi wanne, bila kumwita wakili. Akafa Desemba mwaka uliofuata. Karibu utajiri wake wote aliuagiza uwe wa zawadi za kila mwaka, na jamaa zake wakaona wamepewa makombo, wakapinga. Hata vyama vya wataalamu alivyoviagiza kuchagua washindi havikuwa vimeulizwa kama vinakubali kazi hiyo. Zawadi za kwanza zilitolewa mwaka 1901. Zilitolewa kwa sababu wale aliowataja kuwa wasimamizi walikuwa watu wasiochoka, na si kila mzee wa kijiji ana watu kama hao.

Babu yangu naye aliandika bila kusema. Kama angewasomea wanawe wote wakati yu hai, baba mkubwa angeiona ile sahihi mwaka 2021, na babu angemwita jirani wa pili, tukaandika upya kwa muda wa nusu saa. Au baba mkubwa angesema alilokuwa nalo moyoni, babu akamjibu mwenyewe. Mimi nilijua yaliyomo kwa miaka miwili na sikusema, kwa kuwa niliambiwa ni siri. Sasa naona siri ile haikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Sisemi kwamba baba mkubwa ni mtu mbaya. Ana watoto sita, anakaa nyumba ya kupanga, na sheria ilikuwa upande wake. Baada ya miezi mingi bibi aliwaita wote nyumbani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, hakuinua sauti. Alisema kwamba yeye ana sehemu 20 katika duka lile, wakili amemwambia, naye sehemu hiyo anampa binti yake leo, mbele yao. Baba yangu akasimama akatoa na yake. Baba mdogo alitaka kwanza arudishiwe fedha alizotumia hospitalini wakati wa ugonjwa wa babu. Shangazi alikubali, akamlipa kidogo kidogo mpaka akamaliza, naye akaandika kwamba hadai tena. Makubaliano yale yaliandikwa, na safari hii niliketi kando nikatazama.

Baba mkubwa hakutoa yake. Kila mwisho wa mwezi shangazi humtumia fungu lake la kodi ya duka kwa simu, na huandika katika daftari tarehe na kiasi. Wanasalimiana. Lakini akija na gari lake wakati wa Pasaka kuwachukua watu kanisani, shangazi hutangulia kwa miguu.

Likizo iliyopita shangazi mwenyewe aliniita nimwandikie wasia wake. Nilimwambia kwamba mtu aliyeharibu mara moja hafai kuitwa tena. Akasema ndiyo sababu ya kuniita, maana sasa najua mahali pa kukosea. Nikaandika yote: msimamizi, tarehe, mstari wa mwisho wa mali isiyotajwa. Akaisoma karatasi kwa sauti mbele ya bibi na baba yangu, akampigia simu baba mkubwa, akamsomea na yeye pia. Kisha akamwita mwalimu wa shule ya msingi anayekaa ng'ambo ya barabara awe shahidi wa kwanza. Nikamwuliza wa pili ni nani.

"Ni wewe," akasema. "Umetimiza miaka 19, na mimi sikukuandikia kitu."